Kubadili Prosesa ya Kompyuta ya Chama

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kinyerezi, Dar es Salaam

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Zamani daftari la chama lilikuwa la karatasi. Lilikaa katika kabati la ofisi, na ufunguo ulikaa kwa katibu. Siku hizi daftari la vyama vingi limo ndani ya kompyuta. Hisa za mwanachama, akiba yake, mkopo wake na marejesho yake, vyote vimeandikwa humo. Kwa hiyo kompyuta ikizorota, daftari nalo limezorota, na mwanachama aliyetoka kazini mapema ili apate taarifa ya akiba yake huambiwa kwamba mashine imekwama, arudi kesho. Akiambiwa hivyo mara tatu, huanza kujiuliza kama fedha zake zipo.

Mazungumzo haya yanahusu shauri moja ambalo huletwa mara kwa mara mbele ya Bodi za vyama: kwamba kompyuta ndogo ya mezani imekuwa nzito, na kwamba dawa yake ni kubadili prosesa. Shauri hilo laweza kuwa jema. Aghalabu, hata hivyo, hutolewa kabla ya ugonjwa kupimwa, na fedha zinazotumika ni za wanachama.

Fundisho la zamani

Tanzania ina fundisho lake katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye kazi ya kuweka hesabu za Serikali katika kompyuta ilikwenda mrama, ikala fedha nyingi, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hayo yaliondolewa zamani, na leo kompyuta imeenea hadi katika ofisi za vyama vidogo. Lakini fundisho limebaki. Mashine ikinunuliwa kabla ya kazi kueleweka, na kabla ya watu kuwa tayari kuitumia, hugeuka mzigo. Lililokuwa kweli kwa mashine iliyojaza chumba kizima ni kweli pia kwa kipande cha prosesa kinachoenea katika kiganja.

Prosesa na wenzake

Prosesa, ambayo wataalamu wa lugha huiita kichakataji, ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. Haifanyi kazi peke yake. Ofisi ya chama yaweza kuwa mfano mzuri. Prosesa ni karani anayekokotoa. Kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu, ni meza ya karani huyo. Diski ni kabati la majalada. Karani hodari akipewa meza ndogo, atatumia siku nzima kuinuka na kuketi akirudisha jalada moja ili apate nafasi ya jingine. Na ikiwa kabati lenyewe hufunguka kwa shida, karani atakaa akingoja. Chama kikimwondoa karani huyo na kuajiri mwingine mwepesi zaidi, huyo mpya naye atakuja kungoja pale pale.

Ichukuliwe mathalani chama cha akiba na mikopo chenye ofisi Kinyerezi na kompyuta moja aina ya Dell OptiPlex 7010 ya umbo dogo, toleo la mwaka 2012, iliyonunuliwa Kariakoo ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo. Chama hiki ni cha mfano tu, lakini mashine za namna hiyo ni nyingi katika ofisi. Ndani yake mna prosesa ya Intel Core i3-3220 yenye viini viwili, ramu ya gigabaiti 4, na diski ya kuzunguka. Mwezi wa Januari wanachama wamejaa barazani kutaka mikopo ya ada za shule. Mashine huchukua dakika nyingi kuwaka, na taarifa ya mwanachama mmoja hutoka baada ya kungoja sana. Fundi ameshauri iwekwe Core i7-3770 yenye viini vinne. Bodi ifanye nini?

Kupima kabla ya kununua

Jambo la kwanza ni kupima. Kipimo hicho hakina gharama. Siku yenye kazi nyingi, katibu abonyeze kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, na kwa mashine zenye Windows 10 au 11 litafunguka dirisha lenye safu za asilimia. Safu ya kwanza ni ya prosesa, ya pili ni ya kumbukumbu, ya tatu ni ya diski. Aitazame wakati ule ule mashine inapokuwa nzito, na aandike tarakimu hizo katika karatasi. Vile vile aandike muda unaotumika kuwasha mashine, kufungua daftari la chama, na kutoa taarifa moja. Afanye hivyo kwa juma zima, asubuhi na alasiri.

Tarakimu hizo zitasema zenyewe. Ikiwa diski imefika asilimia 100 na prosesa haijafika hata 30, tatizo limo katika diski. Ikiwa kumbukumbu imejaa, tatizo ni ramu. Ikiwa prosesa ndiyo inayokaa karibu na asilimia 100 kwa muda mrefu, hali diski na kumbukumbu zimetulia, hapo ndipo shauri la kubadili prosesa linapopata msingi. Na ikiwa safu zote tatu zi chini, lakini mfumo unaofunguliwa kwa intaneti bado ni mzito, kosa huenda likawa katika mtandao. Hili ni la kuangaliwa hasa kwa kazi za MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, kwa kuwa kazi hizo hupita mtandaoni. Prosesa mpya haiongezi kasi ya intaneti.

Katika mashine kama ile ya mfano, ni kawaida diski ya kuzunguka kuwa ndiyo kikwazo. Diski hiyo ina kichwa ambacho hakina budi kusogea kutafuta kila habari mahali ilipo. Diski mpya za aina ya SSD hazina kitu kinachozunguka, kwa hiyo habari hupatikana mara moja. Kuweka SSD na kuongeza ramu kutoka gigabaiti 4 hadi 8 hubadili sana mwendo wa mashine kuukuu, na mara nyingi baada ya hapo haja ya prosesa mpya huisha.

Vumbi na joto

Kabla ya kununua hata diski, mashine na ifunguliwe isafishwe. Vumbi la barabara za mitaa huingia ofisini kupitia madirisha, na feni ya kompyuta hulivuta ndani kutwa kucha. Baada ya miaka michache, bati la kupozea prosesa huwa limezibwa na vumbi lililogandamana. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Katibu huona mashine nzito na kudhani prosesa imechoka, kumbe inakosa hewa. Katika joto la Dar es Salaam la Januari na Februari hali hiyo huzidi. Brashi laini, kipulizio cha hewa na dawa mpya ya kupozea vyaweza kurudisha kasi iliyopotea.

Umeme nao uangaliwe. Kinyerezi ni mahali penye mitambo mikubwa ya kufua umeme kwa gesi asilia, inayofika kwa bomba kutoka kusini. Mtambo wa Kinyerezi II, wenye uwezo wa megawati 240, ulizinduliwa mwaka 2018. Hata hivyo, ujirani na mtambo haumlindi mtu na kukatika kwa umeme, kwa sababu umeme hupita katika nyaya na transfoma nyingi kabla ya kufika ofisini. Umeme ukikatika wakati daftari linaandikwa, daftari laweza kuharibika. Chama kisicho na betri ya akiba ya kompyuta, ile iitwayo UPS, na inunue hiyo kabla ya kufikiria prosesa.

Prosesa gani huingia wapi

Ikiwa vipimo vimeonyesha kwamba prosesa ndiyo yenye upungufu, Bodi ijue kwamba si kila prosesa huingia katika kila mashine. Kila ubao mkuu wa kompyuta, ambao mafundi huuita mazabodi, una soketi yake. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ina soketi ya LGA 1155, nayo hupokea prosesa za Intel Core za kizazi cha pili na cha tatu. Core i5-3470 na Core i7-3770 zina viini vinne kila moja, nazo huingia. Prosesa ya kizazi cha nne haiingii, hata iwe ya bei nzuri namna gani.

Kuna mtego mwingine. Soketi ya LGA 1151 ilitumika kwa prosesa za kizazi cha sita na cha saba, kisha jina hilo hilo likatumika kwa kizazi cha nane na cha tisa. Prosesa ya kizazi cha nane huweza kukaa katika mazabodi ya kizazi cha sita, lakini mashine haitafanya kazi kama kawaida. Kwa hiyo kufanana kwa namba ya soketi hakutoshi. Hapana budi kusoma orodha ya mtengenezaji wa mashine yenyewe, na kuona kama programu ya kuwashia, iitwayo bayosi, yahitaji kusasishwa kwanza. Kazi hiyo ya kusasisha ifanyike prosesa ya zamani ikiwa bado imo ndani, na mashine ikiwa katika UPS.

La tatu ni joto na umeme wa prosesa yenyewe. Core i3-3220 imepangiwa wati 55, na Core i7-3770 wati 77. Katika umbo kubwa tofauti hiyo si kitu. Katika maumbo madogo kabisa, ambayo feni na pawasaplai zake ni ndogo, tofauti hiyo yaweza kuleta joto na kelele, na prosesa mpya ikajipunguzia kasi mpaka faida ikapotea. Kwa mashine hizo zilitengenezwa prosesa zenye herufi S au T mwishoni mwa namba: Core i5-3470S ni ya wati 65, na Core i5-3470T ni ya wati 35.

Kabla ya bisibisi

Kazi yenyewe ya kubadili haizidi saa moja kwa fundi mzoefu. Matayarisho yake ndiyo makubwa. Kwanza, daftari lote linakiliwe mara mbili, na nakala moja itoke nje ya ofisi. Kisha nakala ijaribiwe katika mashine nyingine, kwa sababu nakala isiyopata kufunguliwa haijulikani kama ni nzima. Pili, taarifa za salio la kila mwanachama zichapwe katika karatasi, zitiwe sahihi na kuwekwa kabatini. Tatu, ikiwa mashine inapelekwa dukani, diski iondolewe na ibaki ofisini. Fundi hahitaji majina na madeni ya wanachama ili abadili prosesa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza habari za watu azilinde.

Fundi akiwa kazini, katibu awepo na ashuhudie. Mashine izimwe, waya wa umeme uchomolewe, na kitufe cha kuwashia kibonyezwe ili umeme uliobaki utoke. Fundi aguse bati la kasha kabla ya kugusa chochote cha ndani, maana umeme wa mwilini usioonekana waweza kuua kifaa. Skrubu za bati la kupozea zilegezwe kidogo kidogo kwa kupishanisha pembe, kisha bati lizungushwe taratibu ili dawa iliyokauka iachie. Wenzo wa soketi uinuliwe, na prosesa ishikwe kwa kingo tu.

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Katika soketi ya LGA 1155 mna vidole vidogo 1,155 vya chuma, vyembamba kama nywele, navyo vimo katika mazabodi, si katika prosesa. Vikipindishwa vichache tu, mazabodi yaweza kuwa imekufa. Prosesa mpya ielekezwe kwa alama ya pembetatu na mapengo ya pembeni, ishushwe, na ikae kwa uzito wake wenyewe. Isisukumwe. Dawa ya zamani ifutwe kwa spiriti, dawa mpya iwekwe kiasi cha punje ya mchele, bati lirudishwe, na waya wa feni usisahauliwe.

Mashine ikiwaka, bayosi itazamwe kama imeitambua prosesa kwa jina lake. Kisha vipimo vile vile vya awali virudiwe, kwa saa na kwa asilimia. Ikiwa taarifa ya mwanachama haitoki upesi zaidi kuliko juma lililopita, Bodi ina haki ya kumwuliza fundi kilichonunuliwa ni nini.

Jambo ambalo prosesa haiwezi kulitatua

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yenye mfumo huo huendelea kuwaka, lakini mashimo mapya ya usalama yakigunduliwa hayazibwi tena kwa utaratibu wa kawaida. Kwa mashine itunzayo fedha za watu, hilo si jambo dogo. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, kwa jumla inataka prosesa ya Core ya kizazi cha nane au zaidi, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mazabodi ya mwaka 2012 haipokei prosesa ya kizazi hicho. Kwa hiyo chama cha mfano kikinunua Core i7-3770 kwa matumaini ya kuhamia Windows 11, kitakuwa kimelipia mlango usiofunguka.

Zimebaki njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuibakiza mashine hiyo, kuiwekea SSD na ramu, na kuhamia mfumo wa bure wa aina ya Linux, ikiwa kazi za chama hufanyika katika intaneti au programu ya daftari hukubali mfumo huo. Lazima lijaribiwe kabla ya kuamuliwa, na makarani wafundishwe. Ya pili ni kuweka akiba ya kununua mashine iliyotumika ya kizazi cha nane au zaidi, na mashine ya zamani ipewe kazi nyepesi isiyohusu fedha. Katika njia zote mbili, SSD iliyonunuliwa leo yaweza kuhamishiwa katika mashine ijayo. Prosesa ya zamani haihamishiki.

Wajibu wa Bodi na wa wanachama

Uamuzi huu si wa katibu peke yake, wala si wa fundi. Katibu alete vipimo vyake mbele ya Bodi. Bodi ipate bei kutoka kwa wauzaji watatu, iandike muhtasari, na idai stakabadhi na muda wa dhamana. Prosesa iliyotolewa ni mali ya chama. Irudishwe ofisini, ifungwe vizuri, na iandikwe katika kitabu cha mali pamoja na iliyoingia. Mkaguzi akija, ayakute hayo yamepangwa. Mwanachama naye ana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu: mashine ilipimwaje, nani aliamua, na nakala za daftari ziko wapi.

Ndugu Makatibu, Ndugu Wanachama, mpango wa kazi wenyewe ni mfupi. Juma hili mashine isafishwe na daftari linakiliwe. Juma lijalo vipimo viandikwe. Baada ya hapo ndipo Bodi ikutane, ikiwa na karatasi ya tarakimu mezani. Huenda karatasi hiyo ikasema diski, huenda ikasema ramu, na mara chache itasema prosesa. Itakalosema, lifuatwe. Mwanachama atakayekuja Januari kutafuta ada ya mtoto wake hatauliza mashine ina viini vingapi. Atataka kuona jina lake, salio lake sahihi, na karatasi yake mkononi kabla dirisha halijafungwa.